Atakayemuosha Mama

Dada yangu Charlotte ni muuguzi wa wazee huko Omaha, Amerika. Mwaka jana mzee mmoja alifia mikononi mwake, naye akampigia simu mtoto wa marehemu alete kitenge, waje wamuoshe baba yao, kama tunavyofanya hapa Uvira. Mtoto akajibu: "Mkimaliza, mtanijulisha."

Charlotte alitusimulia akilia kwa hasira. Mama akatema mate chini: "Hao ni watu gani?"

Jana Mama alifariki. Kwetu binti ndiye anayemuosha mama yake. Nikapiga simu: "Kuya, dada, tunakungojea."

Charlotte akajibu:

"Norbert, kazini wamekataa. Mkimaliza, mtanijulisha."

Nilitaka kutema mate kama Mama. Kinywa kilikuwa kikavu.