Kadi ya Chini Kabisa

Mama wa fundi cherehani alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye benchi la kliniki ya meno, uvimbe wa fizi ukiwa umeshuka hadi shingoni. Siku nne mfululizo alikuwa amewahi kuliko wote. Wagonjwa waliweka kadi kwenye trei moja juu ya nyingine, na nesi aliziita kuanzia juu, kwa hiyo aliyewahi alibaki chini mpaka daktari anavua koti aende zake. Kadi ya mama haikuondolewa. Kadi haitoki kwenye trei kabla mwenyewe hajatibiwa.

Mwaka wa pili fizi ya fundi nayo ikavimba, nyuma kabisa, pale gego la mwisho linapochomoza. Alisukutua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akapata nafuu ya kushona kola mbili tu. Siku ya tatu mdomo haukupitisha kijiko. Geti la kliniki hufungwa saa mbili; akaogopa kuchelewa, akawa wa kwanza.

Saa mbili kasorobo mama yake akaingia na sweta lake la kijivu, akaomba nafasi.

"Bibi, si ulifia hapa hapa?" akauliza dereva aliyejishika taya.

"Nilifia hapa, baba. Zamu yangu ndiyo bado. Hebu sogea, umekaa kama umepaki lori."

Benchi zima likacheka, kila mtu akibana shavu lake. Mama akamgeukia bintiye.

"Achama nione."

Fundi akajaribu. Hata ulimi haukuonekana.

"Basi, mwanangu. Nimeona."

Akaiendea trei, akazipindua kadi zote kwa mpigo.

"Mama, utaratibu hauruhusu," nesi akasema.

"Nishtaki. Ninakokaa unakujua."

Nesi akachukua kadi ya juu, akasoma jina la mama.

"Nipo!" mama akaitika, madirisha yakatetemeka. Kisha akamsukuma fundi. "Nenda wewe. Mimi jino haliniumi tena."

Daktari akapenyeza bomba la sindano chini ya kinyama kilichofunika gego, akasafisha usaha kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe. Akampa vidonge, akampangia wiki ijayo kuling'oa. Fundi akasimama mlangoni, akapiga mwayo mrefu wa makusudi. Benchi likampigia makofi.

Nesi bado huita kuanzia juu. Jumatatu hadi Alhamisi mama hupita kuzipindua kadi. Ijumaa hushinda kwa bintiye akitia vifungo kwenye sare, na waliowahi kliniki hurudi nyumbani na mashavu yao yaliyovimba.