Mlio wa Nyumba Mbili

Rayab aliletwa uani kwetu asubuhi, kafungwa kamba ya nyati, mkono wa kulia umevimba hata vidole havitengani. Huo ndio mkono wake wa kukamulia. Aliyemshika ukosi ni Sodho, mfugaji mwenzake, ambaye nyati wake kiongozi alikuwa amepotea mbugani. Jana yake Sodho alikuwa amesikia kengele ya nyati huyo ikilia katika kundi la Rayab.

Mimi nilikuwa kando ya tanuri, nazipaka udongo kengele mpya, shela imenishuka hadi puani kama inavyompasa mke akiwa mbele ya baba mkwe wake, naye ndiye mfua kengele wa wafugaji wote.

"Mzee Alimamad," Sodho akamwambia baba mkwe, "huyu kamuuza nyati wangu, kengele kamvisha wa kwake. Mwizi bahili huyu, hata kengele hanunui!"

Watu wakacheka. Rayab akatema damu.

"Nilinunua hapa hapa. Mzee, si ulinipa kwa mkono wako mwenyewe? Nikakuletea na samli?"

"Kengele nilikupa," baba mkwe akajibu. "Mlio wa Sodho sikukupa. Mlio mmoja, nyumba moja. Sijawahi kuzipa nyumba mbili mlio mmoja, na sitawahi."

"Basi gonga, Mzee," Sodho akasema. "Ukisema ni wangu, huyu na watoto wake wahame leo leo, maji ya kisima chetu wasiyaguse tena."

"Wahame!" mmoja akadakia, na wengine wote wakaitikia, hata wale waliokunywa chai kwa Rayab juzi.

Na huku Banni, mbuga yetu kavu, mtu akihamishwa kisimani wakati wa kiangazi, watoto hawafiki mbali.

Baba mkwe akaichukua ile kengele, akaigonga. Ililia mlio wa Sodho, mwembamba, wa kupanda mwishoni. Kila mwenye masikio aliusikia. Akaigonga tena, kisha akageuza macho taratibu kunitazama mimi.

Alimamad alikuwa hasikii. Nyundo ilikuwa imemla masikio; sauti nene za wanaume wakimkaribia alizipata, lakini nyembamba zilishampotea kabisa. Miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa sikio lake. Yeye anagonga, mimi nikivuta shela, mlio umekaa. Nikigusa shavu, apige ukingo tena. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo. Tangu niolewe sikuwa nimemtamkia neno, ndiyo desturi. Mume wangu Jusab alijua, akanyamaza, maana yeye ana mkono wa chuma na sikio la gogo.

Kengele ya Rayab ilifuliwa wakati mimi nimekwenda kwa mama yangu kujifungua. Mzee aliipiga peke yake, akaupeleka mkono ulikozoea kwenda, akamkabidhi Rayab mlio wa mwenzake bila kujua.

Sasa ananisubiri. Nikivuta shela, Rayab ameangamia. Nikigusa shavu, nitakuwa nimemfanya mzee akane mlio ambao uwanja mzima umeusikia, na hakuna atakayemwamini. Nilimchukia Sodho, nikamchukia na mzee kwa kiburi chake. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa nimetoka kuzaa.

Nikatoka penye tanuri nikasimama katikati ya wanaume.

"Mfungueni. Kengele ni mbili, hii na ya Sodho, na zote ni za hapa. Baba hasikii. Aliifua ya Rayab mimi sipo."

Sodho akaanza kucheka. "Mzazi bado ana homa huyu! Jusab, mwondoe mkeo." Wengine wakadakia, niondolewe, niondolewe. Jusab alikuwa anaangalia miguu yake.

Sodho akamwinamia mzee. "Wewe unasemaje, Mzee? Anayosema huyu ni kweli?"

Baba mkwe alikuwa ameuona mdomo wangu ukicheza chini ya shela, basi; neno hakulisikia. Akanyoosha mgongo kwa fahari, kama baba anayesifiwa mwanawe.

"Ni kama alivyosema mkamwana wangu," akasema kwa sauti ya kutosha wote. "Yote aliyosema. Huyu hajawahi kunidanganya."

Hakuna aliyecheka tena. Sodho akamfungua Rayab kamba bila kumwangalia ule mkono. "Nimemvunja mtu kwa kazi ya kiziwi," akasema, akaitupa kengele miguuni pa mzee.

Mpaka adhuhuri wafugaji walikuwa wamezirudisha kengele karibu zote. Walizivua shingoni mwa nyati wakazitupa uani petu, hata zile nilizozisikiliza mimi moja moja, zisizo na kosa. "Sikio la mwanamke!" walisema. "Si bora tuwafunge nyati makopo?" Mtoto alilia kwa ule mshindo wa chuma na sikuweza kumnyamazisha.

Mzee alizunguka kati ya kengele, akaokota moja, akaigeuza, akaiweka. Akanijia.

"Mwanangu, umewaambia nini?"

Nilimtazama Jusab. Akaingia ndani. Nikainama penye sikio la baba mkwe nikamwambia. Akatikisa kichwa, hakupata kitu. Nikarudia. Ikabidi nipaze sauti kwa nguvu zangu zote, nyumba zote zikasikia kwa mara ya pili, nikaendelea kupiga kelele hadi nilipoona usoni mwake kwamba imemfikia.