Bi Doris na Paja la Kuku

Hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwa Jokha na njaa. Fundi wa bomba, mleta barua, hata yule bwana anayesoma mita ya gesi, wote walijikuta wamekalishwa jikoni kwake kule Small Heath, mtaa wa Birmingham, Uingereza, wanakula vitumbua ambavyo hawakuviomba. Ukimwambia umeshiba, yeye huona una haya tu, anakuongezea.

Sasa mtu wa namna hiyo akakabidhiwa mnyama asiyekula miezi minne.

Mnyama mwenyewe aliitwa Doris. Alikuwa aligeta, jamaa wa mamba, wa miaka thelathini na mbili, mita mbili na nusu toka pua hadi ncha ya mkia, mkaazi wa nyumba ndogo ya wanyama watambaao pembezoni mwa Birmingham. Jokha aliajiriwa pale kufagia. Mwaka haujaisha akapandishwa kutoka ufagio hadi ndoo ya chakula, na baadaye akawa ndiye anayewaeleza watoto wa shule kwamba huyu si mamba wa Afrika: tazameni pua yake pana ya mviringo, na akifunga mdomo, meno ya chini hayaonekani. Kwa heshima ya umri akamwita Bi Doris. Alimpenda, wala hakuficha.

Mwenye mahali alikuwa Kulwinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Mwezi wa Novemba alisafiri kwenda Kenya kwenye harusi ya mpwa wake, na kabla ya kuondoka akampa Jokha maagizo.

"Mama Asmahan, nimepunguza heater, iko fourteen. Huyu kwao ni mabwawa ya Amerika, huko winter inafika, mpaka maji yanaganda juu. Anatoa pua tu kwa barafu anapumua, analala hivyo mpaka jua lirudi. Si kama mamba wetu wa Ziwa. Usimpe chakula. Hata kidogo, sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Alisema sawa kwa mdomo. Lakini kila siku alimkuta Bi Doris amelala chini ya maji kama gogo, anapanda mara moja moja kuchomoza matundu mawili ya pua, kisha anazama tena. Ndoo ya chakula ilikuwa kavu. Jokha akirudi nyumbani, sahani ya pilau aliisukuma kando.

"Mum, she's an alligator, not a guest," alisema binti yake, Asmahan.

"Yuko mikononi mwangu na hajala. Wewe unataka nimwite nani?"

Siku ya nne uvumilivu ukamwisha. Alichukua paja la kuku, akalishika kwa koleo refu, akasogea ukingoni pale Bi Doris alipokuwa ametoa kichwa. "Hebu onja tu, Bi Doris. Kidogo, kwa ajili yangu." Akamgusa mdomoni. Kimya. Akamgusa tena. Mara ya tatu taya zikafunguka polepole, zikafunga, na paja likapotea. Jokha alifurahi hadi machozi yakamlenga. Jioni ile alikula sahani mbili.

Kesho yake mchana Kulwinder akapiga simu kuulizia hali. Nyuma yake ngoma za harusi zilikuwa zinarindima.

"Hajambo," alisema Jokha. Halafu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka, "Kwani akila kidogo kuna neno gani?"

"Atakufa," alisema Kulwinder. "Hawa hawana joto lao, wanalitoa nje, kwa jua. Bila joto tumbo halifanyi kazi. Nyama inaozea ndani."

Hakuna aliyemwona akimlisha. Kazi hii ilikuwa ya kwanza, tangu aje Uingereza, ambayo watu walimwuliza maswali badala ya kumwambia asogee wapite. Funguo za pale alizivaa shingoni, hata nyumbani hakuzivua. Akatazama majini, akaona matundu mawili ya pua yametulia, yanamwamini. Aliogopa vibaya sana.

"Nimemlisha," alisema. "Jana. Paja zima."

"Ati nini?"

Akarudia.

"Sikiza," alisema Kulwinder, sauti imekauka. "Ongeza digrii tatu asubuhi, tatu jioni, mpaka thirty. Washa ile taa ya kuotea joto. Halafu ngoja kinyesi. Kikitoka, amepona. Mengine tutaongea nikirudi."

Jokha akahamishia kiti chake pale ukingoni mwa maji. Siku ya tatu Bi Doris alijivuta hadi juu ya mawe, akatandaza mgongo chini ya taa ili yale magamba yake magumu yanywe joto. Jokha alivua koti, akajipepea kwa karatasi aliyoandikia zile digrii, akamsomea dua, akamhadithia mambo ya majirani. Chakula hakukitaja.

Siku ya tisa, asubuhi, kinyesi kilikuwepo pale kwenye mawe.

"Alhamdulillahi!" Alipiga kelele hadi kobe wakaingiza vichwa ndani. Akakipiga picha, akamtumia Kulwinder, akamtumia na binti yake. Asmahan alijibu: "Mama, please. Niko lunch."

Kulwinder aliporudi, joto lilikuwa limeshashushwa taratibu na Bi Doris amelala tena. Jokha hakungoja kuulizwa. Alizivua funguo, akaziweka mezani.

Kulwinder alizitazama. "Ungenyamaza, ningerudi nipate amekufa, na nisingejua sababu."

"Mimi ningejua."

Kulwinder akazisukuma funguo zikarudi. "Kesho kuna shule inakuja, saa nne. Usichelewe."

Jokha alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akafanya anachofanya siku zote: akafunua bakuli la sambusa alizokuja nazo. "Kula, mwanangu."

"Wacha, Mama Asmahan. Wiki tatu za harusi! Nimeshiba kabisa."

Mkono wa Jokha, ambao tayari ulikuwa umeshika sambusa, ulisimama. Akageuka kuyatazama yale matundu mawili ya pua. Akairudisha sambusa, akafunika bakuli.

"Haya," alisema. "Zipo, ukisikia njaa."

Kulwinder alikuwa amejiandaa kukataa mara tatu, kama kawaida, ndipo akubali. Alilitazama bakuli, akamtazama Jokha, akalitazama bakuli tena. Jokha alikuwa ameshachukua ufagio.

Dakika tano baadaye Kulwinder alilifunua mwenyewe.