Kipande cha Anga cha Kuazima

Usiku wa kuamkia leo niliota doa limekuja kubisha hodi.

Lilikuwa doa la vumbi, la kijivu, kubwa kama sahani. Nililifahamu. Kwa miezi minne kamera yangu ilisimama Tukuyu ikipiga picha moja kila baada ya dakika kumi, shule ikijengwa, na punje ya vumbi iliyonasa ndani yake iliacha doa palepale katika kila picha. Jana mchana nililifuta. Kamera haikuwa imesogea, kwa hiyo kiraka kimoja kilitosha picha zote: nilichukua kipande cha anga safi la pembeni yake, nikalifunika doa nacho.

"Karibu ukae," nasema.

"Sikai. Anga linakuita. Ulichukua bila kuomba."

Tunatoka mlangoni, na nje ni ofisi ya kata. Anga limekaa kwenye benchi, limejifunga kanga, lina tundu ubavuni. Mvua inavuja kwenye tundu. Linaikinga kwa beseni.

"Shikamoo."

"Marahaba, Tunsume. Ulikata."

"Nilidhani ni kidogo."

"Ni kidogo. Lakini ulipokibandika, uliangalia kuna nani chini?"

Sikuangalia. Picha zilikuwa maelfu.

Sakafu inageuka mbao za paa. Niko juu, upepo unavuma. Mbele yangu amesimama mtu anayeishia mabegani. Juu ya mabega ni buluu tupu. Viatu navijua. Ni kaka yangu Ambakisye, fundi wa paa, tuliyemzika kabla bati la mwisho halijapigwa.

"Kaka, unanisikia?"

"Nakusikia. Sioni." Sauti inatoka nyuma ya buluu. "Siku zote nilikuwa nimeinama, napiga misumari. Mara moja tu nilisimama wima nikaitazama kamera yako. Ndiyo hiyo uliyofunika."

"Nikibandua, doa litarudi usoni pako."

"Nitakaa sikioni," doa linasema. "Sitamsumbua."

Naingiza kucha ya kidole gumba pembeni ya buluu. Ni baridi kama bati alfajiri. Nabandua, polepole.

"Inauma," Anga linasema kutoka chini. "Endelea tu."

Niliamka kumekwisha pambazuka. Chini ya kucha ya kidole gumba kulikuwa na utando mwembamba wa buluu. Nilinawa kwa sabuni mara mbili, haukutoka.

Nikawasha kompyuta. Kiraka kilikuwapo katika kila picha isipokuwa moja, ya alasiri fulani ya Machi. Nilikaa nayo kidogo peke yangu, kisha nikamwita mama.

Mama aliinama karibu mno, pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Aliufuta kwa ncha ya kanga, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Alikuwa amekonda," alisema. "Na hakuniambia."