Amani Niliyopewa Oicha

Pasta Ananie aliniletea mikro ya kusemea mwenyewe. Alishuka mimbarani mpaka kwenye benchi letu, akanigusa bega.

"Mama Séphora, simama. Ambia bandugu namna Mungu alikutosha Oicha, ukafika huku muzima."

Nilisimama. Kanisa lile la Butembo lilijaa wakimbizi kama mimi na wenyeji waliotupokea, na wote waligeuka kunitazama. Walinijua. Kule Oicha niliongoza kikundi cha maombi cha wamama, na habari za mtu anayeombea wagonjwa wakapona husafiri haraka kuliko lori.

Lakini hawakujua jinsi mimi na Mungu tulivyoongea. Sikupiga magoti sana. Nilimsemesha nikipalilia, nikifua, nikitwanga majani ya sombe, nikimwita Tata kama nilivyomwita baba yangu. Naye alijibu. Si kwa maneno. Ulikuwa utulivu fulani uliotua chini ya kifua, kama chai ya moto asubuhi ya mvua. Utulivu huo ndio ulioniambia niolewe na Esdras. Ulikuja tena binti yetu Séphora alipougua surua na muuguzi akakata tamaa. Mtoto akapona.

Msimu wetu wa mwisho kule Oicha, kakao ilikuwa ikiozea mitini, kwa sababu watu waliogopa msitu. Wauaji walikuwa wamepita vijiji vya jirani. Esdras alinikuta nikiosha vyombo.

"Uliza Tata yako," aliniambia. "Niende ku shamba, ao niache?"

Niliweka sufuria chini, nikafumba macho, nikauliza. Utulivu ukaja, mwingi kuliko siku zote, hata nikatabasamu.

"Enda, Papa Séphora. Roho yangu iko muzuri."

Alichukua panga na gunia, akaondoka akipiga mluzi. Wanajeshi ndio waliomrudisha, amefunikwa majani ya mgomba. Mama yake, Kahongya, ndiye aliyemwosha. Mimi walinishika mikono.

Hayo ndiyo niliyoyasema kwenye mikro. Sikulia. Nilisema kwamba niliuliza, nikajibiwa, na mume wangu akafa.

Pasta alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Mdogo wake mwenyewe alizikwa Kamango, naye hakufika mazikoni kwa sababu wauaji walikuwa barabarani.

"Mama," alisema polepole, "labda ile haikukuwaka sauti ya Mungu."

"Basi, Pasta, sijamusikiaka hata siku moja. Sababu siku zote ilikuwa sauti ile ile."

Nilimrudishia mikro, nikatoka nje.

Kahongya alinifuata. Nilidhani atanikemea, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuomba nilipokuwa bibi-arusi nyumbani mwake. Aliketi kando yangu kwenye ukingo wa mtaro, akavua viatu, akasugua miguu. Ndani walikuwa wameanza wimbo, na sauti zao hazikupatana.

"Asubuhi ile Esdras alienda, na mimi niliomba," alisema. "Sikukuambiaka."

"Na alikujibu?"

Alikung'uta vumbi la viatu vyake.

"Alinijibu, mwanangu. Alinipa amani."

Wapo wanaosema tangu hapo nilimwacha Mungu. Ingekuwa hivyo, ningelala. Hata leo, nikilima mashamba ya watu huku milimani, ulimi huanza wenyewe, Tata, na mimi huuma meno mpaka upite.

Siku ile tulirudi kwenye chumba tulichopanga. Séphora alikuwa ameandaa bugali na maharagi. Alifumba macho akisubiri niombee chakula, kama zamani. Mimi nilitazama sahani. Basi Kahongya akaanza Baba Yetu mahali pangu, kwa Kinande, lugha ya kwetu, kwa sauti yake ya kawaida. Alipofika pale mtu anapoomba mapenzi ya Mungu yatimie, alinyamaza.

Séphora alifungua jicho moja. Kisha Kahongya akanawa mikono, akamega bugali, akampa mtoto, nasi tukala.