Vifuniko vya Odeta

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, lakini najua chenga kwenye televisheni zinatoka wapi, na najua mvua inatoka wapi. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Maige, alisoma sekondari, na vyote viwili hakuvijua. Au alijifanya.

Nilifanya kazi kwenye kinu cha pamba miaka kumi na tisa. Likaja soko huria, wakubwa wakasema kinu kinauzwa, watu wapunguzwe. Nikapunguzwa. Sikusikia mkubwa aliyepunguzwa. Nikarudi kijijini, nyuma ya vilima vya Buswelu, na bisibisi tatu za kinu ndani ya soksi, na sioni haya kulisema.

Wengine starehe yao ni pombe, yangu ni kufungua vyombo. Nachomoa kitu kwenye redio hii natia kwenye ile, napasha msumari kwenye jiko la mkaa, nayeyusha risasi, naunganisha. Mke wangu Odeta alikuwa hafunui chungu bila kukuta skrubu. "Siku moja utakula ugali kwa transista," alikuwa ananiambia.

Lakini televisheni aliileta yeye. Aliikuta mjini dukani kwa Sadru, nyeusi na nyeupe, imekufa, Sadru anazuilia nayo mlango usipigwe na upepo. Odeta akambadilishia kwa madebe mawili ya nyanya, akaibeba kichwani mpaka nyumbani.

"Wewe kinu kimekutupa," akasema. "Na hii imetupwa. Zungumzeni."

Nilizungumza nayo miezi minne. Ndani nilikuta kiota cha panya na kapasita iliyopasuka kama bisi. Siku ilipowaka kwa betri ya gari, ikatoa chenga tupu. Ilitaka antena, na antena ya dukani ni ya watu wa dukani. Odeta akaanza kunipa vifuniko vyake vya sufuria, kimoja leo, kimoja kesho, mpaka wali tukawa tunaufunika kwa sahani. Nikavipanga kwenye mti mrefu juu ya paa, kumi na viwili, vyote vinatazama ziwani.

Aliugua kabla picha haijatoka. Zahanati ilikuwa imefungwa siku ya tatu. Mhudumu kaitwa semina, ufunguo uko kwa Mwenyekiti, Mwenyekiti yuko mnadani Misungwi anatazama ng'ombe. Malaria haisubiri mnada uishe.

Wiki tano baada ya kumzika, picha ikatoka. Mtu wa ng'ambo ya ziwa, amevaa tai, anasoma habari kwa lugha nisiyoijua. Nililia kwa hasira. Picha imekuja, mwenyewe hayupo.

Mwaka ule, tisini na saba mwanzoni, mvua ilikataa. Mahindi yalifika magotini yakasimama hapo hapo yakafa. Pampu ya kijiji nayo ilikuwa mwaka wa pili haitoi tone, na kila mkutano Maige alikuwa na maelezo. Safari hii watu walikuwa wamechoka maelezo. Akaona awape mtu wa kulaumu.

"Ndugu zangu," akasema mkutanoni, "mvua yetu inatoka ziwani, si ndiyo?"

"Ndiyo!"

"Na kifuniko kazi yake nini?"

"Kufunika!"

"Nani basi ameweka vifuniko kumi na viwili juu ya paa, vyote vinalitazama ziwa?"

Shingo zote zikanigeukia.

"Na katika kijiji hiki, nani asiyetaka mvua? Si yule ambaye kaburi la mkewe bado ni udongo mtupu?"

Hapo alinipata, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Odeta alilala kwenye mteremko. Mvua kubwa moja tu, na tuta lake lingeteremka bondeni. Na kwetu mfiwa hashiki kitu kaburini. Majirani ndio wanaobeba mawe na mchanga, majirani ndio wanaojenga. Saruji nilishanunua, mifuko mitano, nawangoja wamalize palizi ya pamba. Kweli moyoni nilikuwa nasema mvua ichelewe kidogo. Lakini moyo wangu haufungi mawingu.

Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakatoa hukumu aliyoitaka Maige. Vifuniko vishushwe vikae kwa Mwenyekiti kama kielelezo, na mimi nitengwe. Maige akaona haitoshi, akaongeza kwa mdomo wake mwenyewe: "Na yeyote atakayeonekana na mitego hii juu ya paa lake, awe nani, naye atengwe!" Wakapiga makofi.

Mtu aliyetengwa hasalimiwi. Haombi moto kwa jirani. Haruhusiwi kusema na watu, na atakayemjibu anatoa ng'ombe. Kaburi la mtu wake hakuna atakayelisogelea. Nilikaa wiki saba hivyo. Ng'washi, aliyekuwa rafiki wa Odeta tangu usichana, alikuwa akipita mlangoni kwangu na ndoo anakohoa tu. Mifuko ya saruji nikaanza kuibonyeza kila asubuhi. Mmoja ukawa jiwe, kisha wa pili.

Wiki ya saba Maige akaja mwenyewe, kwa njia ya nyuma.

"Luhende."

Nikapuliza vumbi kwenye redio.

"Luhende, acha utoto, hapa tuko wawili."

"Sema."

"Nimenunua televisheni. Ya rangi. Inatoa chenga tupu, nyumba nzima inanicheka."

"Vifuniko si unavyo?"

"Nimevipanga vilevile ulivyovipanga wewe. Chenga."

"Umevipanga wapi?"

Akatazama chini. "Chumbani. Watu wasione."

"Chumbani utapata picha ya mkeo."

Hakucheka. Akasema nikamwekee juu ya paa, chini kidogo, upande wa nyuma. Nikamwambia bei yangu ni moja: kaburi la Odeta lijengwe kabla mvua haijaja.

"Hilo la mkutano, ndugu yangu. Nikikufungulia sasa wataniuliza sababu. Tungoje mavuno."

"Mavuno gani, Maige?"

"Wewe niwekee. Mimi nitaangalia namna."

Ndiyo lugha yao hiyo. Ataangalia namna. Kinu waliangalia namna, pampu waliangalia namna. Nikaona huyu hatanipa kitu, nitachukua mwenyewe.

"Nakuja," nikamwambia.

"Njoo jioni, giza likishika."

"Antena haitegwi gizani. Lazima nilione ziwa katikati ya yale mawe mawili ya kilimani, la sivyo utabaki na chenga zako."

Akakuna kidevu. "Basi Alhamisi. Siku ya mnada. Wanaume wote wako Misungwi, kijiji kinakuwa kitupu."

Amesoma, lakini hajawahi kuchota maji. Siku ya mnada kijiji wala hakiwi kitupu. Tangu pampu ife, wanawake wanashuka kisima cha bondeni asubuhi yote, na njia ya kisima inapita nyuma ya nyumba yake. Mimi sikumwambia. Aliyetengwa hasemi na watu.

Alhamisi nikapanda. Ningeweza kumaliza haraka. Nilikwenda polepole, na kila kifuniko nilikipiga kwanza kwa bisibisi, ngaa, kama nausikiliza mlio. Vilikuwa bado na masizi ya jiko la Odeta pembeni. Cha saba kilikuwa kimebonyea, aliwahi kumtupia kuku nacho. Nikavigeuzia ziwani.

"Inakuja!" Maige akapiga kelele ndani. "Rudisha kushoto! Hapohapo! Usiguse, Luhende, usiguse! Rangi zote hizi!"

Nikageuka. Chini njiani Ng'washi alikuwa amesimama na ndoo kichwani. Alivitazama vifuniko. Alinitazama mimi. Akaitua ndoo taratibu, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano, ule ukelele ambao kwetu ukiusikia unakimbilia ulikotoka hata kama maziwa yanachemka.

Wakaja. Thelathini, arobaini, wenye ndoo na wenye majembe. Maige akatoka na fulana, rimoti mkononi.

"Kuna nini, mama zangu?"

"Mwenyekiti, shikamoo," akasema Ng'washi. "Tumekuja kukutenga."

"Kunitenga mimi?"

"Awe nani, ulisema. Tulikupigia makofi."

"Jamani! Hii ni antena! Luhende, waeleze hii ni antena tu!"

Nikajishika mdomo, nikatikisa kichwa.

"Huyo hasemi," mama mmoja akadakia. "Sheria yako. Akisema na sisi tukamjibu, ng'ombe. Utatulipia wewe?"

"Eleza mwenyewe, msomi!"

Majembe yalikuwa yanasogea karibu na mlango. Ndani televisheni ilikuwa inaimba tangazo la sabuni. Maige akageuka huku, akageuka kule, jasho likimtiririka.

"Ni vifuniko vya sufuria! Havifungi mvua! Kifuniko kitafungaje mvua?"

Majembe yakashuka.

"Tangu lini havifungi?" Ng'washi akauliza.

"Siku zote."

"Na siku ile ya mkutano ulijua?"

Maige alitazama rimoti kama ina jibu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Ng'washi akatema mate pembeni. Kisha akainua uso juu ya paa, mara ya kwanza kwa wiki saba.

"Shemeji Luhende, za asubuhi?"

"Nzuri," nikajibu. Sauti ilikwaruza kama redio iliyolala stoo.

"Saruji ipo?"

"Miwili imeganda. Mitatu mizima."

"Shuka. Na vifuniko vya mwenzangu ushuke navyo."

Nilivifungua kimoja kimoja. Cha mwisho kilipotoka, tangazo la sabuni likakatika, zikarudi chenga. Nilizisikia nikiwa juu.

Jumamosi wakamjengea Odeta. Walipanda mteremko na mawe na mchanga, na mimi nikakaa kwenye kigoda kama mfiwa anavyopaswa. Waliniomba radhi mmoja mmoja. Wengine nimewasamehe, wengine nawasalimia tu. Maige naye alikuja na sepetu, akabeba mchanga, na watu wakasema basi, yameisha, ni kiongozi wetu. Uchaguzi ulipofika wakamchagua tena. Ndivyo walivyo. Mwisho wa mwaka ule ikanyesha mvua iliyobeba mazizi, bonde lote likawa ziwa. Kaburi halikutikisika.

Vifuniko nilivirudisha jikoni, vinafunika sufuria. Televisheni naiwasha mara mojamoja. Chenga zinanitosha.

Kila asubuhi Maige anapita mbele ya baraza yangu. "Habari za leo, Luhende?" anasema. Mimi naendelea kukaza skrubu yangu. Nimemtenga, na sikuitisha mkutano.