Alichosema Nungunungu

Asubuhi ya Noeli Saliha alipakua sahani ya wali na maharage, akaweka juu yake vipande viwili vya nyama ya mbuzi, akavuka ua. Lupango wao, ua wa vyumba vya kupanga pale mtaani Buyenzi, ulikuwa na milango sita inayotazamana, na mlango wa mwisho, karibu na bomba la maji, ulikuwa wa Amandine. Ilikuwa siku ya pili Saliha haoni moshi kwenye mbabula ya jirani yake. Mbabula yenyewe, jiko la mkaa la bati, ilikuwa pale nje, imejaa majivu baridi, na kuku mmoja alikuwa amejilaza ndani yake.

"Mama Orlane!" aliita kabla hata hajafika katikati ya ua. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuuza sambusa kando ya magereji, mahali ambapo nyundo hazinyamazi. "Mama Orlane, toka! Nimewaletea chakula, musikae na njaa siku ya sikukuu yenu!"

Milango mitatu ilifunguka, na wa Amandine ukawa wa mwisho. Alitoka akiwa bado na kitenge cha kanisani, kimepigwa pasi vizuri. Nyuma yake walisimama watoto wake wawili, Loïc wa miaka tisa na Orlane wa miaka sita. Orlane aliitazama ile nyama, kisha akamtazama mama yake.

"Asante sana, Mama Saliha," Amandine alisema kwa upole. "Sisi tumekula tayari."

"Mumekula nini? Moto sijaona."

"Tumekula."

Mlango ukafungwa polepole, bila kelele.

Saliha alirudi na sahani yake mkononi, uso ukimwaka. Mumewe, Shaabani, alikuwa barazani anakunywa chai. Alikuwa fundi wa magari, lakini tangu mafuta yaadimike mjini gereji yake haikuwa na gari hata moja, na chai yake ya asubuhi ilikuwa imerefuka.

"Umeona kiburi kile?" Saliha alisema. "Watoto wanakula nyama kwa macho, mama anakataa!"

"Nimesikia. Lupango mzima umesikia. Mi nilikuwa nimekaa hapa na chai yangu, sasa najua Madame Amandine ana njaa. Ungekuwa wewe, ungepokea?"

Saliha aliifunika ile sahani kwa sahani nyingine, akaingia ndani.

Amandine alikuwa mjane, amehamia pale mwezi wa pili kutoka Kanyosha, akifundisha Kifaransa kwenye shule moja ya binafsi. Shule hiyo ilifungwa mwezi wa tisa. Lakini watu wa lupango waliendelea kumwita Madame, na waliendelea kumpelekea karatasi za hospitali na za kortini awasomee. Alisoma zote, akaeleza, na hakuwahi kupokea chochote. Saliha mwenyewe alikuwa amempelekea mbili.

Mchana watoto walianza kuingia. Hiyo ilikuwa desturi ya miaka tisa. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliwahi kumwachia Shaabani mashine ya kuchezea sidi, na ndani ya mashine mlikuwa na sidi moja imesahaulika: katuni ya Noeli, ya wanyama wanaoishi kwenye theluji. Saliha alikuwa Mwislamu, Noeli haikumhusu, ila mwaka wa kwanza watoto wa jirani walichungulia dirishani, akawaambia waingie. Tangu hapo hawakuacha kuja.

Katuni ilikuwa ya Kifaransa, na Saliha Kifaransa hakujua. Kwa hiyo alijitungia hadithi yake. Mbwa mwitu ni mwizi, alisema. Anazunguka nyumba za watu siku ya sikukuu atafute cha kuiba, na kila mlango anafungiwa. Mwisho anatoka bibi mmoja nungunungu na mwiko mkononi, anamfokea. Hapo watoto wote hupiga kelele: "Mupige! Mupige!" na Saliha huzima mashine, hadithi imeisha.

Mwaka huu walikaa kumi na watano mkekani. Mbwa mwitu alikuwa amefukuzwa kwenye mlango wa pili, anatembea peke yake kwenye theluji, wakati msichana mmoja anayeitwa Fabiola aliponyoosha kidole.

"Bibi, kama ni mwizi, mbona analia?"

Saliha alisogea karibu na televisheni. Kweli, machozi yalikuwa yanamtiririka mbwa mwitu, makubwa, yanaganda kwenye mashavu. Miaka tisa, na hakuwahi kuyaona.

"Sijui," alisema. Watoto walimtazama kwa mshangao, maana hawakuwahi kumsikia akisema neno hilo.

Alibonyeza rimoti, picha ikasimama. Akatoka, akavuka ua, na safari hii hakuita. Aligonga mlango kwa kidole kimoja, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama Orlane, sikuleta chakula. Nimekuja kuomba. Miaka tisa nawadanganya watoto wa watu kuhusu katuni, maana lugha yao siijui. Njoo utuambie wale wanyama wanasema nini."

Kitasa kikazunguka.

"Wanyama gani?" Amandine aliuliza.

Wakairudisha katuni mwanzo. Amandine alikaa kwenye kiti karibu na televisheni, watoto wake wawili mkekani pamoja na wengine, na baada ya maneno machache sauti yake ya darasani ilimrudia. Mbwa mwitu alipozungumza, alizungumza kwa unyonge: "Nimetembea siku tatu. Naomba hata ganda la mkate." Sungura alipojibu, alijibu kwa pua: "Samahani sana, sisi wenyewe hatuna." Nyuma ya sungura karoti zilikuwa zimerundikana mpaka darini, na watoto wakamzomea.

Akatoka nungunungu na mwiko wake. "Mu—" walianza watoto, na Amandine akacheka.

"Apana, apana, hamufukuzi! Sikilizeni. Anasema: We! Umesimama nini hapo nje? Mi nina mafua tangu juzi, pua haisikii kitu. Ingia uonje supu yangu, uniambie kama chumvi imetosha."

Mbwa mwitu akaonja. "Bado kidogo," Amandine alisema kwa niaba yake. Nungunungu akatia chumvi. "Onja tena. Onja vizuri, chukua bakuli, kwa kijiko sitakuamini." Watoto walikuwa wanacheka wanaangukiana. "Na sasa anamwambia..."

Hapo Amandine akanyamaza. Wanyama waliendelea kusema, na hakuna aliyejua wanasema nini. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitetemeka.

"Madame, anamwambia nini?" Fabiola aliuliza.

Saliha alisimamisha picha. "Nendeni mukanywe maji bombani," aliwaambia watoto. "Wote. Haraka."

Walipobaki wawili, Saliha alitafuta pa kuanzia. Lilimjia wazo la kusema kwamba hata yeye ana mafua, kwamba kuna sufuria jikoni inayohitaji kuonjwa. Akaona aibu. Aliyekaa mbele yake hakuwa mtoto.

"Asubuhi nilikuita vibaya," alisema. "Nilitaka watu wasikie kwamba natoa. Unisamehe, Mama Orlane."

Amandine alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na mi nilikudanganya. Watoto walipata uji jana pale kanisani. Mi sijala tangu juzi. Nilitaka kukuambia, nikashindwa. Hapa wote munaniita Madame."

"Madame naye ana tumbo," Saliha alisema.

Walicheka kidogo, kisha wakaenda jikoni. Amandine alikula amesimama, karibu na mbabula ya Saliha, matonge madogo madogo kwanza, kwa sababu tumbo lilikuwa limejikaza. Saliha hakumtazama. Alimenya ndizi, akachochea mkaa, akaongeza maji kwenye maharage ili yawafikie wote. Amandine alipomaliza alinawa mikono, akachukua kisu, akamenya naye.

Watoto waliporudi, Amandine alimjibu Fabiola alichosema nungunungu: "Kesho uje tena, maana hata chumvi ya kesho sitajua kama imetosha." Watoto kumi na saba walimaliza katuni na midomo imejaa, na Orlane alipata kipande chake cha nyama bila mtu kumwangalia.

Jioni akina mama walikuja kuwachukua watoto wao. Mmoja wao, Zubeda, muuza vitenge, alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu akimsikiliza Amandine.

"Madame," alisema, "mutoto wangu anarudia darasa mwaka wa pili sababu ya Kifaransa. Ungeweza kumufundisha? Bure siwezi kukuomba. Nitatoa ninachopata."

"Na wangu," mwingine alidakia.

Amandine alitazama chumba cha Saliha, na chumba chake mwenyewe kilikuwa kidogo zaidi. "Nitawaweka wapi?"

"Gereji yangu iko tupu," Shaabani alisema kutoka barazani. "Paa lipo, mabenchi yapo. Mimi na zile spana tutasogea."

Walianza juma lililofuata, wanafunzi saba. Mwisho wa Januari walikuwa ishirini na watatu. Wazazi wengine walitoa faranga, wengine mchele au mkaa. Amandine aliandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa gereji, na Shaabani alikaa benchi la nyuma na daftari lake. Majina ya vyuma vya gari aliyajua yote kwa Kifaransa tangu ujana wake, ila hakuwahi kuyaona yameandikwa.

Mafuta yalirudi mjini siku moja ya Februari, mchana. Saa kumi gari la kwanza likafika gerejini. Lilitoka Kiriri, mtaa wa matajiri kule mlimani, na dereva wake, Sébastien, alipiga honi mara mbili akitaka kufunguliwa. Shaabani alitoka na penseli nyuma ya sikio.

"Karibu, kaka. Liweke hapo hapo nje," alisema. "Tuko na imla. Saa kumi na moja nitakuwa wako."

Sébastien akazima injini.